Taa Iliyoachwa Vårby gård

Kama wewe ni wa kusema "huyu mama anatunga," basi ishia hapa. Mimi nasafisha ofisi za watu Stockholm tangu alfajiri. Muda wa kukaa nikatunga uongo ningeupata wapi? Haya yalinipata mimi mwenyewe, jikoni kwangu.

Waswidi wakihama huondoka hata na taa zao. Dari inabaki na ndoano tu. Sasa sisi tulipopata nyumba Vårby gård, pembeni mwa jiji, jikoni juu ya mahali pa meza tulikuta taa kubwa nyeupe, vifuniko vyake vimepangwa kimoja juu ya kingine kama maganda ya kitunguu. Mume wangu aliitambua mara moja. Alisema ni ya fundi mashuhuri wa zamani, matajiri wanazigombania taa zake.

"Baba Neema," nikamwambia, "mbona mwenyewe hakuichukua?"

"Wewe na mashaka yako," akacheka. "Kwetu kilichofungwa kwenye nyumba si ni cha nyumba?"

Kusema kweli, na mimi niliipenda.

Siku ya tatu, Desemba, saa tisa mchana na nje giza tayari, nilikuwa bafuni naanika nguo. Neema, binti yangu wa miaka sita, alikuwa jikoni anachora chini ya ile taa. Niliporudi nilimkuta na bibi mmoja wa Kiswidi ameketi kando yake, amevaa koti la kijani. Nikadhani ni jirani, mtoto amemfungulia.

Kisha nikaona miguu yake. Alikuwa amevaa viatu. Niambie wewe unayeishi huku, ni Mswidi gani anayeingia nyumba ya mtu na viatu? Na nje theluji ilikuwa inaanguka, lakini sakafu ilikuwa kavu kabisa, hakuna hata tone. Moyo ukaniambia hapa pana jambo.

Nikamuuliza kwa Kiswidi changu cha kazini ameingiaje.

"Sijatoka," akajibu taratibu. "Wanangu walienda na vitu vyote. Niliwaambia taa ibaki, nipate mwenzangu wa kukaa naye." Akaufunika mkono wa Neema kwa mkono wake. "Huyu anafaa."

Nilimwita Neema mara tatu. Hakuinua kichwa. Haki ya Mungu, niliogopa kumpoteza mtoto wangu akiwa ameketi mbele ya macho yangu. Sijui nani alinituma, nikaizima taa.

Nilipowasha ile ndogo ya juu ya jiko, kiti kilikuwa kitupu. Neema alikuwa analia. Mkono wake wa kulia ulikuwa baridi kama nyama iliyotoka kwenye friza.

Jioni ile ile Baba Neema aliishusha taa akaipeleka chumba cha taka kubwa kule chini ya jengo, ambako watu huacha vitu na wengine huviokota. Hakucheka tena. Asubuhi nilishuka nikiwa na nyundo, nikakuta imeshaokotwa.

Mwaka wa pili huu, mkono ule haujapata joto. Madaktari wanasema hauna kitu. Neema sasa anachora kwa mkono wa kushoto, na mimi najilaumu kila siku kwamba sikuivunja usiku ule.

Kwa hiyo wewe uliyeiokota, usinitafute kuniuliza thamani yake. Acha kusoma, nenda jikoni, uone mtoto wako anaongea na nani.