Kitanda cha Mama Mkwe

Siku ya kwanza kazini nilipewa aproni, ufagio na onyo. Mkuu wa hoteli, Mbelgiji tuliyemwita Bwana Jerant, alinitembeza koridoni akaniambia kwamba boyi wa chumba hana macho wala masikio, ana mikono tu. Nilianza kwa kuosha sahani. Baadaye nikakabidhiwa korido ya nyuma pamoja na paspartu, yaani ule ufunguo mmoja unaofungua milango yote. Ninyi mnaotandika siku hizi kama mtu anayefukuza kuku, sikieni: shuka ilivutwa mpaka ikakaza, kona zikakunjwa kama bahasha, na Jerant alipita kuzigusa kwa kidole.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya watu wa mfuko mwepesi, wachuuzi na madereva. Ilitazamana na ukuta mrefu wa matofali wa kambi ya zamani ya wafanyakazi, na kila mgeni aliuliza kama ule ni ukuta wa gereza. Tulichoka kujibu.

Basi, Katanga imejitenga na Kongo, mji umejaa askari, ndipo mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza. Mama yake akapanda treni kutoka Kambove aje kumwangalia mzazi na kumwogesha mtoto. Vema. Lakini kwetu sisi Baluba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawalali nyumba moja. Ndiyo heshima ya buko, yaani ya wakwe. Na mimi nilikuwa na chumba kimoja tu cha kupanga! Nikamwomba Jerant amsitiri mama hotelini. Akampa chumba katika korido yangu mwenyewe.

Jamani, niliteseka. Kila asubuhi mimi naingia kazini, yeye anatoka kwenda kwa binti yake, na mlango ni mmoja. Akisikia viatu vyangu anajifunika kitenge na kugeukia ukutani, nami nageukia ukuta wa pili, wageni wanatushangaa. Akiwa na neno, anamtuma mpishi wetu, Tata Ngoy, amwambie "ule bwana" kwamba sabuni ya mtoto imeisha. Na ule bwana amesimama palepale, anasikia kila kitu.

Kitanda ndicho kilichonimaliza. Kitanda cha mama mkwe hukigusi, hata kukitazama ni aibu. Nikampa Tata Ngoy kazi hiyo, mtu wa sufuria, asiyejua kona ya shuka ni nini. Jerant akaona ile mikunjo akanijia juu. Nikamweleza desturi yetu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hii mama iko na vita na weye?" akaniuliza.

Nikasema hapana, tunapendana sana.

"Sasa juu ya nini munakimbiana?"

Yeye alinichosha, mama alinichosha, na desturi nayo ilinichosha.

Asubuhi moja, kabla mama hajatoka, risasi zikaanza kulia kando ya ule ukuta wa kambi. Jerant akatuamuru wote tuingie korido ya nyuma, kwa kuwa haikuwa na madirisha. Mama alikuwa uani anafua nepi. Alikuja mpaka mlangoni, akaniona, akarudi kujibanza nyuma ya pipa la maji. Wageni wakamwita, wapi! Mkataa pema, pabaya panamwita. Nikasema kwa sauti kwamba nitatoka mimi ili yeye aingie, Jerant akanikamata aproni. Nikawaza nitamwambia nini mke wangu: kwamba mama yake amekufa kwa kuniheshimu?

Hapo nikakasirika kweli. Nikafungua kabati, nikatoa shuka kubwa, nikaifunga kwenye vitasa vya milango miwili inayotazamana, nikaikaza kama nilivyofundishwa. Nikakaa nyuma yake. Nikasikia miguu ya mama ikija mbio, kisha akaketi upande wa pili, anahema. Tata Ngoy alikuwa amekwama jikoni. Hakukuwa na mtu wa kutumwa.

"We ukuta," mama akasema, "ambia buko yangu asitoke inje. Mutoto wangu iko na bwana moya tu."

Machozi yalinitoka. Nikaujibu ukuta kwamba nimesikia.

Nilipanda mpaka kuwa metre-dotel, mkuu wa wahudumu, nikastaafu. Leo wakwe zangu, waume wa binti zetu, hapa mtaani Hewa Bora wananikalia sofa moja, wanachota ugali sahani moja na mke wangu, na bado wanacheka. Mimi nasonya tu.

Mama alipofariki, wazee walisema nimefunguliwa, sasa naweza kumtazama uso. Nikawajibu kwamba macho yangu hayakuzoea. Nikaomba kazi moja: nitandike mimi kitanda watakachomlaza. Nikaivuta shuka mpaka ikakaza, nikakunja kona zote kama bahasha, nikazigusa kwa kidole. Kabla hawajamleta nikageukia ukutani.

"We ukuta," nikasema, "ambia mama kitanda yake iko tayari."