Chai ya Koridoni

Ko. Ko. Kimya. Ko.

Sauti hiyo ilinifikia chini ya blanketi kabla sijafumbua macho, na kabla sijafumbua macho nilishajua kwamba mama anagombea tena. Ilitoka gerejini, chini ya chumba changu. Ilikuwa nyundo ya mpira ikigonga waya. Nyaya za kusimamishia mabango ya kampeni uani hupindika theluji ikizilalia au mtu akizing'oa kwa hasira, na mama alikuwa na desturi ya kuzinyoosha moja moja kwenye sakafu ya saruji kabla ya kumwambia yeyote kwamba ameamua. Nilibaki nimelala. Sikufurahi, wala sikuhuzunika. Nilisikiliza tu, kama mtu anavyosikiliza hita ikijiwasha.

Niliposhuka nilimkuta amepiga magoti juu ya kipande cha zulia, koti limevaliwa juu ya gauni la kulalia. Mabango yalikuwa yameegemezwa ukutani, yaleyale. Mara ya kwanza, alipogombea bodi ya shule nikiwa bado sekondari, aliyachapisha kwa rangi ya kijani na jina lake kwa herufi nyeupe. Alipotaka udiwani hakuchapisha mengine. Alinunua stika akaziba cheo cha zamani. Sasa alikuwa na stika nyingine za kuziba zile stika. Ukipitisha kidole juu ya bango ulihisi matabaka: bodi ya shule chini kabisa, baraza la mji juu yake, na juu kabisa bunge la jimbo.

"Umeamka," akasema.

"Nyundo imeniamsha."

"Basi shika hapa."

Nikashika waya, naye akagonga.

"Hii ndiyo ya mwisho," akasema bila kuniangalia. "Chama kikinikataa mkutanoni, naacha. Nimechoka kuomba watu."

"Hata mara ile ulisema hivyo."

"Mara ile nilikuwa na hasira. Leo sina hasira."

Ilikuwa kweli. Uso wake ulikuwa mtulivu, kama wa mtu anayekunja nguo zilizokauka.

Sijui kama neno mwanaharakati lilimfaa, ingawa ndilo magazeti ya mtaani yalilotumia. Mama alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Eagan, mji wa jirani. Tulipohamia Saint Paul, hapa Marekani, hita za jengo letu zilizimika katikati ya baridi kali na mwenye nyumba hakushika simu. Mama aliwakusanya wapangaji kwenye chumba cha kufulia nguo, mahali pekee palipokuwa na joto kwa sababu ya mashine za kukaushia, na hawakutoka humo mpaka walipokubaliana nani atasema nini. Baadaye ikawa vituo vya basi, ambako magari ya kusafisha barabara yalirundika theluji hata mtu wa kiti cha magurudumu asiweze kupita. Alikwenda baraza la mji mara nyingi kuomba. Akaambiwa asante kwa kuja. Siku moja alirudi, akavua buti mlangoni na kusema, "Wale wanaosema asante wamekaa. Anayeomba ndiye amesimama." Ndipo akaanza kugombea.

Wanawake wa kanisa lake walimwita Mheshimiwa. Ulianza kama utani, siku alipojaza fomu za bodi ya shule, na mwanzilishi wake alikuwa rafiki yake wa karibu, ambaye mimi humwita anti. Anti alifanya kazi ya kutunza wagonjwa majumbani na alikuwa na sauti ya kufika maegesho ya magari. "Mheshimiwa, umetia chumvi?" angeuliza jikoni kwetu. "Mheshimiwa, sogeza kitako nipite." Mama aliposhindwa mara ya kwanza jina lilibaki. Aliposhindwa mara ya pili lilibaki pia, ila wakaanza kulitamka kwa upole zaidi, na upole huo ulikuwa mgumu kuusikia kuliko utani.

Huku kwetu, kabla hujafika kwa wapiga kura, unapita kwa chama. Wajumbe wa mitaa hukutana siku nzima katika ukumbi wa shule na kupiga kura kuamua chama kimwidhinishe nani. Asipopatikana mtu wa kufikisha kiwango cha kura kinachotakiwa, wanapiga tena, na tena. Na kila kura inapopigwa milango hufungwa. Aliye ndani anapiga kura. Aliye nje anangoja nje hata kama ni mjumbe.

Mama aliwafundisha hayo sebuleni kwetu. Wengi wa wajumbe wake walikuwa wanawake wa kanisani, waliokuwa wamepata uraia na kubadilishana shifti ili wapate siku hiyo. Alipanga mito ya kochi sakafuni kuwa ukumbi.

"Mlango ukifungwa umefungwa," akasema. "Usiniambie ulikuwa chooni. Usiniambie ulipigiwa simu na mtoto."

"Na kama ni mchungaji amepiga?" anti akauliza.

"Mchungaji atakuombea ukiwa ndani."

Walicheka. Mama aliwaomba pia watoe neno, naye akatoa lake: chama kikimwidhinisha mwingine, ataheshimu, hatajitosa dhidi yake katika uchaguzi wa mchujo, ule ambao wapiga kura wenyewe humchagua mgombea wa chama. Ndivyo wagombea wanavyoulizwa, na alitaka watu wake wasikie jibu kutoka kwake kwanza.

Siku ya mkutano theluji ilikuwa inayeyuka, nyeusi kandokando ya barabara. Wanawake walifika mapema na pilau, chapati zilizofungwa kwa taulo, mandazi, na chupa za chai. Shule haikuruhusu chakula ukumbini, kwa hiyo meza yetu iliwekwa koridoni, mbele ya makabati ya wanafunzi. Mimi sikuwa mjumbe. Nilikaa kwenye viti vya juu na beji ya mgeni, nikiwa na daftari ambalo sikuandika kitu ndani yake. Wakati huo nilikuwa nahangaika na riwaya yangu ya kwanza na niliamini kila kitu kitanifaa.

Mpinzani wake alikuwa kijana wa rika langu, mrefu, mpole, mwenye kumbukumbu nzuri ya majina ya watu. Katika kura ya kwanza mama alimtangulia kidogo. Katika kura ya pili akamwacha zaidi, lakini kiwango hakikufikiwa. Kila mtu aliona mizani inaelemea upande gani. Mama alikuwa amesimama chini, karibu na jukwaa, na nilimwona akiinua mkono kupangusa shingo kwa leso. Sijawahi kumwona karibu hivyo na kitu alichokitaka.

Kukawa na mapumziko. Watu wa yule kijana walikuwa na njaa. Walikuwa wameleta mikate midogo asubuhi na ilikwisha, na harufu ya pilau ilikuwa imejaa koridoni. Mwanzoni alikuja mzee mmoja mwenye fimbo, akauliza kwa adabu kama chai inauzwa. Anti akamwambia chai haiuzwi, akae, anywe. Wakaja wengine. Foleni ikafika mpaka kwenye milango ya ukumbi, na wanawake wetu wakagawana kazi bila kuambiana: huyu vikombe, yule sukari, mwingine chapati. Walikunywa watu wetu na watu wake, bila kuulizana beji.

Mwenyekiti akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kura ya tatu inakaribia, wajumbe warudi ndani. Koridoni walisikia vizuri. Anti aliniambia baadaye, na sauti yake ilikuwa ndogo siku hiyo: "Nilisikia, mami. Lakini mtu amekunyooshea kikombe. Utamwambia nini?"

Kwa hiyo walimimina. Kila aliyepewa kikombe aliingia ukumbini akikipuliza, maana walinzi wa mlango walikuwa wamechoka kukataza. Yule mzee wa fimbo aliingia na mandazi mkononi. Kisha foleni ikaisha, na wanawake wakabaki kufunika masufuria, kwa sababu huachi chakula wazi mbele ya watu. Nilikuwa nikitazama mlango kutoka juu. Nilimwona mlinzi akitoka nje kidogo, akaangalia kushoto na kulia, akarudi ndani, akauvuta. Kwenye kioo chembamba cha mlango kikatokea kilemba cha anti. Hakugonga. Mama alikuwa ametufundisha vizuri mno.

Nilitaka kusimama. Mwili wangu ulikaa. Chini, mama alihesabu vichwa vya watu wake kwa macho, akarudia, halafu akageuka kuelekea mlangoni na kukiona kile kilemba. Hakubadilika uso. Alikunja leso, akaitia mfukoni.

Yule kijana alifikisha kiwango. Pengo lilikuwa dogo kuliko idadi ya wanawake waliokuwa koridoni. Mama alipanda jukwaani, kama inavyotakiwa, akampongeza, akaomba mkutano umpitishe kwa sauti moja. Ukumbi ukasimama na kumpigia makofi marefu mama yangu. Makofi yale yalinipita kama hewa ya feni.

Tulipotoka, wanawake walikuwa wamejipanga kando ya meza kama watu waliokuja kutoa pole. Hakuna aliyejua aanze vipi.

"Mheshimiwa," anti akasema.

"Chai imebaki?" mama akauliza.

"Kidogo."

"Nipe."

Akanywa akiwa amesimama, koti mkononi.

"Haina tangawizi."

"Tangawizi ilikuwa chupa ya kwanza. Wamekunywa sana hao watu."

Mmoja akacheka kidogo, pumzi tu, akajiziba mdomo. Mama akamaliza kikombe. Tulipakia masufuria garini. Njiani nilimwambia tu kwamba taa imekuwa kijani.

Siku chache baadaye anti alikuja nyumbani kutoka kazini, bado na sare yake, akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Ingia mchujo," akasema. "Sheria inakuruhusu. Jina lako linawekwa tu."

"Nilitoa neno."

"Uliwapa wao. Na sisi? Sisi tuliokuangusha tutaishi vipi?"

"Hamkuniangusha."

"Tulikuwa nje, dada. Tulikuwa nje tukimimina chai kama wafanyakazi wa harusi."

Mama alikuwa anakatakata sukuma wiki. Kisu hakikusimama.

"Ningekuwa koridoni," akasema, "ningemimina pia. Ningemnyima nani?"

Anti alichukua kitambaa akaanza kufuta meza, na meza ilikuwa safi. Alifuta mpaka mboga zikaingia sufuriani. Alipoondoka alisema kwaheri, akamwita mama kwa jina lake la ubatizo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo likitoka kinywani mwake.

Yule kijana alikuja siku ya mvua. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa ukingoni mwa kochi na soksi zenye unyevu. Alizungumza Kiingereza, naye mama akamjibu kwa Kiingereza chake cha kazini, kile cha kuwaambia familia za wagonjwa kwamba hali imetulia. Nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza. Alimshukuru. Alisema hajawahi kunywa chai kama ile, kwamba mpaka sasa watu wake wanaizungumzia. Mama akasema ni iliki. Alimwomba asimame naye siku ya kupiga picha, mama akakubali. Kisha akasema, kwa haya kidogo, kwamba mabango yake yamefika lakini nyaya zimeadimika madukani, na amesikia kwamba mama anazo.

Nilisikia jokofu likinguruma. Nilijua anaulizwa nini, ingawa yule kijana hakujua, na nilijua kwamba akisema hazipo, nitasikia tena nyundo asubuhi moja.

"Nenda kazilete," akaniambia kwa Kiswahili.

"Zote?"

"Utambakizia nani?"

Nilishuka gerejini. Mabango ya kijani yalikuwa bado ukutani. Nilizichomoa nyaya, moja baada ya nyingine, nikazifunga kwa kamba ya nguo. Zilikuwa zimenyooka kabisa. Nilizipandisha na kuzilaza sakafuni mbele yake kama kuni.

Kijana alizisifu. Mama alimwambia jambo moja tu: akishapata kiti, kile kituo cha basi kilicho kilimani, theluji wanairundika pale pale kila mwaka. Kijana akasema atalifuatilia. Alisema pia kwamba anaamini atamwona mama akigombea tena, kwamba watu kama yeye hawachoki.

"Vaa viatu," mama akamwambia. "Nje kuna maji."

Akavaa. Alibeba nyaya kifuani kwa mikono yote miwili, kwa hiyo mama ndiye aliyemfungulia. Mvua ilikuwa imepungua. Alishuka ngazi za mbele akitafuta pa kukanyaga, na nyaya ziligongana taratibu mpaka akafika garini. Mlango wetu huvimba majira hayo. Mama aliusukuma kwa bega, mara mbili, mpaka komeo likaingia.