Kobe wa Chumba cha Chini

Nilihamia kwa dada yangu, mji wa Maple Grove, theluji ilipoanza kuanguka. Ghala nilimokuwa napakia mizigo lilikuwa limepunguza wafanyakazi, nami nikiwamo, na kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka majimbo mengi nikifanya kazi za kila namna. Dada alinipa chumba cha chini ya nyumba. Humo alikuwamo kobe. Binti yake alimfuga akiwa shule, kisha akaenda chuo mbali, akamwacha pamoja na baiskeli na viatu vya zamani.

"Kaa naye," dada aliniambia. "Mnafanana. Nyote hamna pa kwenda."

Kobe alikuwa amejikunyata kwenye kona ya tangi la kioo, macho amefumba, majani ya sukuma yamemnyaukia mbele yake. Dada anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Anoka, na wenzake walimwambia makobe hulala mpaka baridi iishe. Alitaka nimtie kwenye boksi, nikamweke kwenye gereji ya nyumba, penye baridi.

Niliacha shule mapema, lakini sijawahi kuacha kuuliza. Nilipanda basi nikaenda maktaba, nikasoma mpaka wakafunga. Kobe wa aina yake asili yake ni nchi kavu za joto, huko kwetu Afrika. Yeye halali msimu wa baridi. Baridi ikimwingia anazimika polepole, na watu wanadhani amelala.

Nilimweleza dada akiwa anakaanga vitunguu.

"Haya wee, daktari wa makobe," alisema bila kugeuka. "Akikufia, kaburi utachimba mwenyewe. Na ardhi hii ni jiwe."

Taa ya tangini ilikuwa balbu ya kawaida. Nilitafuta ile inayotoa miali kama ya jua, maana bila hiyo gamba hulegea. Taa nyingine, ya joto, niliifunga upande mmoja tu, ili achague mwenyewe pa kukaa. Asubuhi nilimkalisha kwenye karai la maji ya uvuguvugu yanayomfika kidevuni. Siku za kwanza hakufanya lolote. Kisha siku moja alikunywa, akanya humo humo, nami nikacheka peke yangu.

Alipopata nguvu alianza kukwaruza kioo kutwa. Nilidhani ni mazoezi, nikawa namsifu. Kumbe kobe haelewi kioo: anaona njia, anaisukuma, haifunguki. Nikamtoa, nikamzungushia mbao nusu ya chumba, nikamtandikia zulia kuukuu juu ya saruji. Sukuma nikawa naificha, jani huku na jani kule, ili aitafute. Akawa anatembea. Wageni wa dada walipokuja tuliwasikia wakicheka juu ya dari. Hakuna aliyeniita, nami sikupanda.

Theluji ilipoyeyuka dada alishuka. Alisimama akamtazama kobe akilikatiza zulia kwa mwendo wake.

"Ala! Amechangamka kweli." Akampiga picha.

Kesho yake aliniambia kobe anakwenda kwa msimamizi wake wa kazini. Mama yule ana uwanja mkubwa na wajukuu, na dada alikuwa anaomba zamu za mchana.

"Na binti yako?"

"Nimemuuliza. Amesema sawa."

"Alipokuwa anakufa hukumpa mtu."

"Ningempaje mtu kitu kinachokufa? Wewe nawe."

Jioni alimpigia msimamizi, akaweka simu mezani ili sote tusikie, akaniambia nieleze namna ya kumtunza. Nikaanza kwa Kiingereza changu cha maghala. Taa gani, umbali gani, asikae penye upepo wa mlango. Mama yule aliuliza maswali mazuri, kisha akauliza, nani huyu anayejua hivi?

Dada alinitazama. "Ni mtu anayetusaidia kazi za nyumbani," alisema.

Ningeweza kusema mimi ni nani. Lakini nilikuwa sijafika kwenye maelezo ya maji wala chakula, na simu ikikatwa kwa ugomvi, kobe angekwenda kwa watu wasiojua lolote. Nikaendelea hadi mwisho, taratibu, nikarudia mambo ya taa mara mbili.

Mama yule akanishukuru sana. Akamuuliza dada kama ninaweza kwenda kwake pia, siku moja moja, kuna kazi ya bustani.

"Nitampangia siku," dada akajibu.