Siri Niliyoisema Kwenye Foni

Walipotuwekea foni, ile redio ya kuongea kati ya vituo, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Vipuri vilikuwa haviji tena, na kampuni ilitaka mafundi wake wa Likasi, Kambove na Koni waulizane kwa redio. Mimi, fundi wa pompi za maji miaka kumi na minane, niulize nini?

Asubuhi moja pompi yetu ikavuja. Nikamwambia shefu kwamba bila vipuri vya Ulaya haitengenezeki. Alipotoka, nilifunga mlango nikamwita fundi wa Koni kwa sauti ya chini, nikidhani ni kama simu ya watu wawili.

“Mama Kapinga, ni miye Ilunga wa Likasi. Pompi inavuja, siyue ya kufanya. Usiambie muntu.”

“Kata kamba ya pamba, papa. Ipake grisi, izungushe ku shafti pale inavuja, kaza pole pole.”

Hakunicheka hata kidogo. Fundi kweli yule mama. Nilimvulia kofia nikiwa peke yangu chumbani.

Redio ikakwaruza. “Huku Kambove tumesikia. Yetu nayo inavuja. Merci papa Ilunga, uliuliza muzuri.”

Kisha sauti ya shefu kutoka ofisini, taratibu kabisa: “Hata ku biro tumesikia, papa. Kamba ninakuletea mwenyewe.”