Sentensi Moja ya Pasta, Tano za Mama

Mahubiri ya utoto wangu yalikuwa na sauti mbili. Kwanza ilisikika sauti ya Pasta Musyoka, nzito na ya haraka, ya mtu wa bara anayeongea kama anayepasua kuni. Kisha kimya kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Halafu ikaja sauti ya mama yangu, ikiyachukua yaliyosemwa kwa Kiswahili na kuyapeleka kwa Kigiriama, taratibu, mpaka kwa wazee waliokaa nyuma kabisa. Imepita miaka zaidi ya thelathini, lakini hadi leo nikimsikia mtu akihubiri mfululizo naona kama kuna kitu kimesahauliwa. Masikio yangu yanaisubiri ile sauti ya pili. Na ikinijia, inakuja na mengine yote: harufu ya sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji alfajiri ili vumbi litulie, makuti ya paa yakichakarika kwa upepo, mafuta ya nazi kwenye nywele za akina mama, na mimi Sidi, binti wa miaka tisa, nimebanwa kwenye benchi la mbele kwa sababu mama alitaka kuniona anapotafsiri.

Kanisa letu lilikuwa Kakuyuni, ndani kidogo ukitoka Malindi, katikati ya mashamba ya mahindi na mihogo. Pasta alikuwa ameletwa kutoka Ukambani, na Jumapili yake ya kwanza aligundua kwamba nusu ya waumini wake walikuwa wakimtazama tu. Sisi watoto wa shule tulijua Kiswahili, na vijana pia, lakini wazee wetu, hasa wanawake waliozeekea shambani, walijua kile cha kununulia chumvi dukani. Mama alikuwa amefanya kazi mjini Malindi kabla ya kuolewa, akajifunza Kiswahili cha watu wa mji wenyewe, kile kinachoanza kwa kukujulia hali na kumaliza kwa kukuombea dua. Basi akateuliwa yeye. Hakupewa cheo chochote, maana siku zile kanisa letu halikuwa na cheo cha mwanamke wa kusimama mbele. Aliitwa tu Mama Sidi wa kutafsiri, na nguo yake ya Jumapili ilikuwa ile ile moja ya buluu.

Lakini mama hakuwa akitafsiri. Mama alikuwa akihubiri, na kila mtu aliyejua lugha zote mbili alilijua hilo akanyamaza. Pasta akisema sentensi moja, mama alisema tano. Pasta akitaja theluji, ambayo nadhani yeye mwenyewe hakuwahi kuiona, mama aliwaambia wazee kwamba mioyo yao itakuwa myeupe kama hando mpya siku ya kwanza kuvaliwa, na bibi zetu walizitazama hando zao, zile sketi nyeupe za Kigiriama zenye mikunjo mingi, zilizochakaa kwa kufuliwa, wakacheka. Pasta akiuwasha moto wa jehanamu kwa robo saa, mama aliuzima kwa maneno mawili. Yeye Pasta aliona tu watu wanatikisa vichwa na kufuta machozi, na mabenchi yanajaa wiki baada ya wiki, akamshukuru Mungu kwa kipawa cha kuhubiri alichojaliwa. Nilimwonea mama yangu fahari isiyo na kifani.

Miongoni mwa walioletwa na sauti ile alikuwa Hawe Nyevu, mama yake baba. Hawe ndivyo tunavyomwita nyanya. Hakuwa amebatizwa wala hakuwahi kusema atabatizwa. Alikuja na kigoda chake, akakiweka mlangoni, nusu ndani nusu nje, na mahubiri yakimnogea alifungua kikopo cha ugoro akanusa. Nyumbani, nyuma ya kibanda chake, kilisimama kigango cha babu, ule mti uliochongwa na kusimikwa kwa heshima ya mzee aliyefariki. Hawe alikisalimia kila asubuhi kabla ya kumsalimia mtu yeyote aliye hai. Mimi sikuona ajabu. Babu sikumkuta, na kwangu kile kigango ndicho kilikuwa babu.

Siku moja Pasta alitutembelea akakiona. Alikunywa chai, akatuombea, akaaga. Jumapili iliyofuata alifika katikati ya mahubiri, akafunga Biblia yake.

"Mwenye miti ya wafu nyumbani kwake," alisema, "asikanyage hapa mpaka aing'oe."

Sote tuliojua Kiswahili tulimtazama mama. Kile kimya cha kumeza mate kilirefuka mpaka nikayasikia makuti. Mama alimtazama Hawe kule mlangoni, kisha akasema kwa Kigiriama, kwa sauti yake ya kila Jumapili, kwamba yeyote ambaye wazee wake bado wamesimama nyumbani, asiondoke leo kabla hatujamwombea. Hawe akainuka. Akakiokota kigoda chake, akaingia ndani, akakaa safu ya tatu kati ya mabenchi. Pasta alibaki ameshangaa, kwa kuwa alikuwa amemfukuza mtu, na mtu huyo amesogea karibu.

Sasa, kila Jumatatu baada ya shule nilikuwa na kazi yangu. Pasta alikuwa akijifunza Kigiriama, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Tulikaa barazani kwake, yeye na daftari lake, mimi na maandazi aliyonipa, nikimtajia neno naye akiliandika. Aliniita mwalimu bila kucheka, na hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Jumatatu ile hakufungua daftari mara moja.

"Mwalimu, kuja kidogo," aliniambia. "Jana mama yako aliambia yule nyanya nini, mpaka akaingia ndani?"

Ningeweza kusema sijui, au kwamba sikusikia. Lakini nilikuwa wa kwanza darasani, na swali likiulizwa mimi huinua mkono. Nikamweleza neno kwa neno. Nilimwambia na habari za hando, na za moto, na za Jumapili nyingine alizoniuliza, na palipokuwa na neno gumu nilimtajia herufi zake. Pasta aliandika mpaka chini ya ukurasa, kisha akalifunga daftari polepole, akasema asante mwalimu. Nilirudi nyumbani nikirukaruka, nikamkuta mama amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi, nikamsimulia jinsi nilivyojibu maswali yote. Mkono wake ukasimama.

"Umesema kweli, Sidi," aliniambia. "Ila kutafsiri bado hujui."

Akaendelea kukuna nazi. Hakunichapa, hakunigombeza, na hakulitaja tena jambo lile maisha yake yote. Afadhali angenichapa.

Jumapili iliyofuata mama alipoinuka kwenda mbele, Pasta alimwomba kwa upole akae. Mahali pake alisimama kijana mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwaminifu, ambaye hakuongeza neno wala kupunguza. Pasta akayarudia yale ya miti ya wafu, na kijana akayafikisha kama yalivyo. Hawe aliyasikia. Aliwaaga waliokuwa kando yake mmoja mmoja, kwa adabu zote, kama mtu anayeondoka kwa wenyeji baada ya kula, akakichukua kigoda chake akatoka. Nilimgeukia mama. Alikuwa ameiweka mikono mapajani akitazama mbele, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Hawe hakurudi tena. Nyumbani hakumnunia mama, wala hakulisema vibaya kanisa. Lakini kila Jumapili asubuhi alioga, akavaa hando safi, akakaa juu ya kigoda nje ya kibanda chake, uso kuelekea upande ngoma ya kanisa inakotokea. Ngoma ikinyamaza, aliingia ndani. Wazee wengine nao wakaanza kupungua, mpaka nafasi ikawa tele kwenye benchi la mbele. Kabla mahindi ya mwaka ule hayajakauka, Hawe aliugua siku chache akafariki.

Tulimzika karibu na babu, kwa taratibu za wazee. Pasta alikuja bila kualikwa. Alikuwa amevaa koti lake jeusi kwenye jua lile, amesimama nyuma ya wanaume wote. Shughuli zilipomalizika, baba yangu, kwa heshima tu, alimuuliza kama ana neno. Pasta alisogea mbele, akafungua mdomo, akaufunga. Macho yake yakamtafuta mama katikati ya wanawake.

"Mama Sidi," alisema, "leo sina maneno. Ongea wewe, kisha unitafsirie mimi."

Mama akasimama. Aliongea kwa Kigiriama kwa muda mrefu, si kwa watu bali kwa Hawe mwenyewe. Alimwambia kwamba tulimkaribisha ndani kisha tukamfukuza, na mlango tuliomfukuzia haukuwa wetu. Alimwambia kwamba mwenye nyumba alikuwemo ndani siku ile, na hakuna aliyemuuliza. Watu walilia, na baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alijifunika uso kwa kofia. Kisha mama akamgeukia Pasta, akamwambia kwa Kiswahili chake kile kizuri:

"Nimewaambia, Pasta, ya kwamba mama aliyapenda sana mahubiri yako."

Pasta alinitazama mimi, mwalimu wake, nami nikajua anachoniuliza.

"Ndivyo alivyosema, Pasta," nikamwambia.

Hapo ndipo naye alipolia. Sijui alielewa kiasi gani, maana alikuwa na daftari zima la maneno yangu. Na wala haukuwa uongo, kwa sababu mahubiri yale aliyoyasikia Hawe aliyapenda kweli. Jumapili iliyofuata mama alirudi mbele na nguo yake ya buluu, na tangu siku ile Pasta, kila akimaliza sentensi, alirudi nyuma hatua moja kumpisha.

Leo mimi ndiye pasta. Ninacho kile cheo ambacho mama hakukipata, na kanisa la mawe hapa Watamu lenye mabati na vipaza sauti. Mama naye tumemzika kule kule Kakuyuni. Waumini wangu wote wanajua Kiswahili, hata bibi wa hando waliosalia, na nikisimama nahubiri saa nzima moja kwa moja, neno likinitoka limefika. Watu husema hiyo ni baraka. Mimi namkosa mama. Namkosa zaidi siku ambazo nimesema neno kali, nikaona mtu anachukua mkoba wake na kutoka kimyakimya, na hakukuwa na mtu wa kulipokea neno lile njiani kabla halijamfikia. Nimewapoteza watu kwa namna hiyo, na majina yao ninayakumbuka.

Juzi walikuja wageni Waitaliano kutoka hotelini, tukamwomba Zawadi, binti anayefanya kazi mapokezi, awatafsirie. Sikuwa na furaha siku ile. Nilipomwona bibi mmoja mzungu amekaa karibu na mlango, mabega wazi na kitambaa cha ufukweni kiunoni, nikasema kwamba anayekuja nyumba ya Mungu nusu uchi arudi kwanza akavae. Zawadi akamtazama yule bibi, akameza mate, akaanza kuongea, na nikamhesabia sentensi tano. Bibi akatabasamu. Mama mmoja wa kwetu akampa leso, akajifunika mabega, akasogea mbele.

Mdogo wake Zawadi, anayejifunza Kiitaliano chuoni, alikuwa amekaa benchi la mbele akinitazama kwa wasiwasi. Sikumuuliza kitu. Nilirudi nyuma hatua moja, nikasimama pale mdomo nimeufunga, nikiisikiliza ile sauti ya pili mpaka ikamaliza.