Koti la kwendea Lushoto

Assalaam alaykum jamaa zangu, hamjambo na majumbani kwenu? Mimi mzima alhamdulillah, ila leo mama kanikuta nimekaa katikati ya barafu ya samaki.

Msicheke kwanza.

Masika yakimalizika nataka kwenda Lushoto. Boti mpaka Tanga, halafu napanda milimani na pikipiki yangu. Binti yangu Salma kajifungua huko.

Tatizo ni radhi ya mama. Nina miaka hamsini na mbili, lakini bila radhi yake sivuki maji. Naye kakataa kabisa: "Pikipiki na baridi ile? Utarudi na sanda!"

Basi leo nikanunua koti zito la mtumba hapa Wete. Lakini kwa joto hili la Pemba, nitajuaje kama lafaa? Nikamwomba muuza samaki anifungie kidogo kwenye chumba chake cha barafu.

Mtu akamkimbilia mama: "Bi Maryam, mwanao kawekwa kwenye barafu!"

Mama kaja mbio, kiatu mguu mmoja. Mlango ukafunguliwa. Nikangoja kutukanwa.

Akatia mkono ndani ya koti, kisha akanishika masikio.

"Mwili una moto. Na masikio haya, baba, utayafunika na nini?"

Akavua kanga aliyojitanda juu ya buibui, akanifunga kichwani mbele ya wavuvi wote.

"Nenda. Nimekuridhia. Nibusie kitukuu changu."

Wallahi nililia humo humo.

Mliowahi kupanda Lushoto na pikipiki, vidole mnavifunika na nini? Mama anauliza kila saa. Nijibuni upesi, tafadhali.