Fito za Mzee Ogola

Nakumbuka asubuhi moja ya Naivasha, mwanangu, ukungu haujaondoka ziwani, nami nimejibanza nyuma ya banda la mashua nikimchungulia mzee wa watu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliyoyaona asubuhi ile niliyaona sawasawa, na bado nikayaelewa vibaya. Nakueleza leo kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu yako habari za huyu mpangaji mpya, eti hutoka alfajiri kila siku na gunia mgongoni, na unataka mtaa mzima wa Bondeni uzipate. Ngoja kwanza. Kaa.

Babu yangu alitoka pwani akaja Nakuru na reli, akafungua cherehani yake hapa hapa, na baba akazaliwa hapa. Mimi bahari sikuwa nimeiona hata kwenye picha. Maji niliyoyajua ni ya bomba la mtaa, debe kichwani. Lakini mzungu mmoja mwenye shamba kando ya ziwa Naivasha, tuliyemwita Bwana Miwani, alikuwa akitafuta mtu wa mashua yake ya tanga. Alisikia jina langu ni Salimu na asili yetu ni pwani, akaona amepata nahodha. Nami sikumkosoa. Kazi ilikuwa adimu, na sifa ya bure nani huikataa?

Mashua ilikuwa ndogo, ya watu wanne, yenye ubao unaoteremshwa chini majini ili upepo usiilaze. Kutoka gatini hadi ziwa wazi ulipita kwenye mlango mwembamba katikati ya mafunjo, kiasi cha hatua mia mbili. Maji humo yalifika kifuani mahali pengine, pengine gotini tu, na kila mvua iliponyesha milimani mto ulishusha tope ukauziba mlango zaidi. Njia ilionyeshwa na fito zilizochomekwa topeni pande mbili. Ukipita katikati yake umepona. Ukikosea, ubao unakita chini, mashua inasimama, na upepo wa mchana wa Naivasha hauna huruma.

Fito hizo zilikuwa kazi ya Mzee Ogola, mtu wa Nyanza aliyekulia kwenye ziwa kubwa la kwao. Kwa cheo alikuwa msaidizi wangu. Kwa haki alikuwa mwalimu wangu, maana kila nilichojua nilikuwa nimemwibia kwa kumtazama mikono. Siku moja aliniuliza, bila kebehi yoyote, pwani kwetu tanga hufungwaje. Nikajibu ovyo. Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake, na tangu hapo nikamwogopa. Jihadhari, mwanangu, na mtu unayemwogopa kwa kuwa anaijua aibu yako. Utamtafutia kosa mpaka ulipate.

Na zilikuwa siku za hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikiwawinda wapiganaji wa msituni. Vipande, vile vitambulisho vya kuvaa shingoni, vilikaguliwa njiani, watu walipakiwa kwenye malori kwa neno la jirani, na kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Bwana Miwani alitukusanya akatuambia waziwazi kwamba yeyote atakayepitisha chakula au habari ziwani kwake kwa ajili ya watu wa msituni, atamkabidhi kwa polisi siku hiyo hiyo.

Basi asubuhi ile nilimwona Mzee Ogola ameingia majini peke yake, ameinama, anakagua mafunjo kama mtu aliyepoteza kitu. Aliung'oa ufito wa tatu akauchomeka hatua kadhaa kushoto. Akausogeza na wa nne. Kesho yake akafanya tena. Nikaanza kuhesabu nyayo zake topeni kila asubuhi. Siku ya tano nikazifuata, zikanifikisha mahali ambapo mafunjo yamelala chini, yamekanyagwa na kitu kizito. Nikasema moyoni, hapa wamepita watu na mizigo, na mzee huyu anawafungulia njia. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikajiona mwerevu kweli.

Alikuwa hatua ishirini kutoka niliposimama, anaosha miguu. Ningeweza kumuuliza. Sikumuuliza, nikaenda kwa Bwana Miwani.

Yote niliyosema aliyaandika. Kabla ya saa sita lori la polisi lilikuwa uani. Mzee Ogola alikuwa ameketi anashona tanga lililochanika, akaomba avae shati kwanza. Alipopita karibu nami aliniambia maneno mawili matatu tu: "Fito ya tatu, angalia." Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni ishara ya siri. Shaka ikishaingia kichwani, mwanangu, hata salamu hugeuka njama.

Jioni hiyo nikazirudisha fito zote mahali pake pa zamani, nikihakikisha zimenyooka mstari mmoja. Jumamosi bwana akatoka na mkewe ziwani, mimi nikiwa nimeshika usukani kwa kiburi. Kutoka asubuhi tulitoka salama, maana hapakuwa na upepo na ubao tulikuwa tumeupandisha. Kurudi mchana, upepo unatusukuma mgongoni kwa nguvu na ubao tumeuteremsha, nikalenga katikati ya fito zangu. Tulipofika ule wa tatu, mashua ilikita kwa kishindo. Mlingoti ukavunjika, mke wa bwana akatupwa nje, akazama topeni mpaka kifuani. Nikaruka. Nilimvuta kwa kwapa hali nami ninazama, nikasogea kando kutafuta pa kusimama, na hapo, hatua chache tu, tope likaisha na maji yakawa mengi. Ni pale pale Mzee Ogola alipokuwa ameuchomeka ufito wake.

Yule mama alipona. Nilipoinua macho nikayaona yale mafunjo yaliyolala, na chini yake nyayo kubwa za viboko. Ndio waliokuwa watu wangu wa mizigo. Viboko hupita hapo kila usiku kwenda malishoni, na kwa uzito wao hulisukuma tope kando, njia ikabaki na kina. Wakihamisha njia, mlango umehama. Mzee yule alikuwa akiwafuata kila alfajiri na fito zake ili sisi tusikwame, nami nikamwita haini.

Nilienda kwa Bwana Miwani nguo zikingali na tope, nikamwambia nilikosea. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Maneno ya kwanza iko ndani ya karatasi," alisema. "Hii ya pili, nani amekutisha?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Kuanzia siku ile nikawa mimi ndiye ninayechunguzwa. Chumba changu kilipekuliwa mara mbili, na wafanyakazi walinyamaza nilipokaribia jikoni. Nililala na nguo zangu nikisubiri lori. Sikuwa na wa kumlalamikia, mchimba kisima nilikuwa mimi mwenyewe.

Mzee Ogola alirudi baada ya miezi mitatu kuchukua sanduku lake. Alikuwa amekonda, na mguu mmoja aliuburuta. Nilimfuata gatini nikamwomba msamaha, nikalia mbele yake bila haya. Aliingia majini kwa shida, akaniashiria nimfuate, akanipa ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Nikachoma chini kila aliponionyesha, tope, tope, kisha kina. Tulizihamisha fito zote kwa mikono yetu. Tulipomaliza ndipo aliposema.

"Wewe ulihesabu nyayo yangu," alisema. "Maji hukupima."

Nilimbebea sanduku mpaka stesheni. Nilimnyoshea mkono, naye akapanda gari la moshi bila kuupokea. Nina miaka mingi sasa, nimezika wengi, na bado mkono ule nauona umening'inia.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Macho yako hayatakudanganya sana. Kitakachokudanganya ni ile hadithi unayoitunga haraka juu ya ulichokiona, hasa kama mwenyewe una aibu ya kuficha. Mtu anayetoka alfajiri ana sababu, na sababu hiyo iko kinywani mwake, si kwenye simu yako. Muulize angali yuko karibu. Ukimshtaki kwanza, siku utakapoujua ukweli utakuwa umeshakosa wa kukuamini, na yeye atakuwa ameshaumia.

Kwa hiyo usiitume hiyo habari. Kesho uamke mapema, umngoje mlangoni, umsalimie, umsaidie hilo gunia. Mungu akujalie moyo usioogopa kuuliza na miguu isiyoogopa tope, na kila mkono utakaounyosha maishani mwako, inshallah, upate wa kuupokea.